Spika ya Bluetooth kwa ajili ya besi: shajara ya mradi, Moshi

Kwa nini spika hii

Kwaya yetu hujifunza nyimbo mpya kwa simu. Mwalimu anarekodi kila sauti peke yake, halafu zote nne pamoja, anatuma kwenye kundi la WhatsApp, na siku ya mazoezi tunakutana ukumbini kila mtu akiwa ameshasikiliza. Soprano na alto huja wameiva. Tenori huja na maswali mawili matatu. Besi huja mikono mitupu, na kwa muda mrefu wamekuwa wakisemwa kwamba ni wavivu.

Si wavivu. Wimbo ukiwa kwenye ufunguo wa G, do ya chini ya besi iko hezi 98, yaani mitetemo 98 kwa sekunde. Wakiteremka hadi la iliyo chini yake, wako hezi 82. Mstari wao karibu wote unakaa chini ya hezi 330, na huko ndiko spika ndogo ya simu inakoishiwa nguvu. Sauti ya mtu haina mtetemo mmoja tu: juu ya 98 kuna 196, kuna 294, kuna 392, na sikio likizipata hizo za juu huweza kukisia iliyo chini hata kama haikutoka. Ndiyo maana besi akisikiliza rekodi yake peke yake chumbani anaambulia kitu. Zikiunganishwa sauti nne, mitetemo ile ya juu inafunikwa na tenori na alto, na mstari wa besi unapotea kabisa. Mtu hawezi kushika kitu ambacho hakijamfikia.

Kwa hiyo kipimo cha mradi huu ni kimoja. Besi aliyesimama mahali pake pa kawaida ukumbini asikie mstari wake, umeme uwepo usiwepo. Kila uamuzi ulioandikwa humu umepitishwa kwenye kipimo hicho.

Aprili: toleo la kwanza

Nilianza na vitu vilivyokuwepo nyumbani. Bodi ndogo ya Bluetooth, amplifaya ya PAM8403, spika mbili za upana wa sentimita tano, seli moja ya lithiamu ya aina ya 18650 na bodi ya kuchajia ya TP4056, vyote ndani ya kopo la plastiki la siagi. PAM8403 inakula volti 5 na kutoa hadi wati 3 kila upande kwenye spika ya omu 4. Kwa chumba inatosha na kuzidi. Yeyote anayeanza aanze na hiki, kwa sababu ndani ya jioni moja anapata kitu kinacholia na mkono unazoea risasi ya kuunganishia waya.

Ukumbini mambo yalikuwa mengine. Masika ilikuwa imekolea, na mvua ikipiga bati hakuna wati 3 itakayosikika. Ila hata siku ya ukavu besi walisikia maneno bila kusikia noti. Spika ya sentimita tano haina eneo la kusukuma hewa ya hezi 98. Kila unaposhuka nusu ya masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, karatasi ya spika inatakiwa kwenda mbele na nyuma mara nne zaidi ili nguvu ya sauti ibaki ile ile, na karatasi ndogo haina pa kwenda. Kuongeza amplifaya kusingesaidia. Kilichotakiwa ni karatasi pana na sanduku la kweli.

Mei: kutafuta spika

Fundi redio mmoja upande wa Mbuyuni anaweka maiti za sabufa nyuma ya kibanda chake. Nyingi zimekufa bodi, spika zenyewe ni nzima. Nilichagua ya inchi 6.5, omu 4, baada ya kukagua vitu vitatu: mpira wa pembeni usiwe umeoza, karatasi iende na kurudi bila kukwaruza ukiisukuma taratibu kwa vidole vya mikono miwili, na mita isome kati ya omu 3 na 4 kwenye ncha zake. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa, koili imeungua au imekatika.

Kisha nilipima mtetemo wake wa asili. Hiki ni kipimo ambacho mafundi wengi wa mtaani hawakifanyi, na ndicho kinachotenganisha kubahatisha na kujenga. Unaiacha spika bila sanduku, unailisha mlio mmoja mmoja kutoka programu ya simu kupitia amplifaya na rezista ya omu 220 iliyopangwa mfululizo, huku mita ikisoma volti za AC kwenye ncha za spika. Unapandisha masafa polepole. Mahali volti zinapofika kilele ndipo spika inapotetemeka kwa hiari yake. Mita za bei nafuu za aina ya DT830 zinaanzia volti 200 upande wa AC, kwa hiyo haziwezi kazi hii. Fundi aliniazima yake yenye kipimo cha chini.

Kilele kilikuja hezi 58. Nilifurahi sana, maana spika inayotetemeka hezi 58 ina nafasi ya kuimba 82 bila kulazimishwa, mradi sanduku lisiharibu.

Juni: sanduku

Hapa ndipo muda mwingi umekwenda, na sijutii hata saa moja.

Spika isiyo na sanduku inajifuta yenyewe. Karatasi ikienda mbele inabana hewa ya mbele na kuachia ya nyuma, na kwa sauti za chini, ambazo mawimbi yake ni marefu, hewa inazunguka ukingoni na kusawazisha pande mbili kabla msikilizaji hajapata kitu. Wimbi la hezi 98 lina urefu wa mita tatu na nusu. Sanduku kazi yake ya kwanza ni kuuzuia mgongo wa spika usikutane na uso wake.

Kuhusu mbao. Hapa Moshi paini na saipresi za mashamba ya Rongai na West Kilimanjaro hazina shida kupatikana, ila zikiuzwa mbichi hupinda zinapokauka, na kiungo kilichopinda ni kiungo kinachovuja. Seremala wa Pasua aliniuzia vipande vya plaiwudi ya milimita 18 vilivyobaki kwenye kazi ya makabati. Plaiwudi haipindi kirahisi, na kwa unene huo kuta hazitetemeki hovyo, hasa baada ya kuweka gongo moja la mbao ndani kuunganisha ubavu na ubavu. Ukigonga kwa kifundo cha kidole kabla ya gongo unasikia ngoma. Baada ya gongo unasikia mlango.

Vipimo vya ndani ni sentimita 21 kwa 25 kwa 30, sawa na lita 15 na robo tatu. Toa sumaku ya spika, gongo na bomba nitakaloeleza chini, zinabaki lita 15 hivi. Nilikwepa umbo la mchemraba kwa makusudi. Pande zote zikilingana, mwangwi wa ndani unajirundika kwenye masafa yale yale.

Viungo vilipakwa gundi ya mbao na kukazwa kwa skrubu. Halafu nikachanganya gundi ile ile na vumbi la mbao, nikapaka kila kona kwa ndani kwa kidole. Kupima uvujaji kuna njia mbili. Ya kwanza, sanduku likiwa limezibwa kote, sukuma karatasi ya spika ndani taratibu, ishikilie kidogo, kisha uiachie: ikirudi kivivu sanduku limeshika hewa, ikirudi haraka kuna tundu. Ya pili, washa udi, lisha spika mlio wa hezi 30, pitisha moshi kando ya viungo. Moshi wangu ulicheza pale waya zinapotoka nyuma. Tone la silikoni likamaliza.

Sanduku likiwa limezibwa kabisa nilipima tena kilele: hezi 92. Kimepanda kutoka 58 kwa sababu hewa iliyofungiwa ndani ni springi inayoongeza ugumu. Kwa redio ya nyumbani 92 inaridhisha. Kwa besi wetu haitoshi, kwa sababu la ya chini, ile ya 82, inaanguka nje ya mlango.

Juni mwishoni: bomba

Suluhisho ni la zamani. Hewa iliyo ndani ya bomba fupi lililopachikwa kwenye sanduku ina uzito, na hewa ya sanduku ni springi. Viwili hivyo pamoja vina mtetemo wao, na mtetemo huo unategemea eneo la bomba, urefu wake na ujazo wa sanduku. Hermann von Helmholtz alishaeleza tabia hiyo ya chupa na mitungi huko Ujerumani karne ya 19. Waliotufanya tuweze kupanga spika kwa hesabu ni Neville Thiele wa Australia, aliyechapisha kazi yake mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza miaka ya 1970.

Nililenga hezi 60. Bomba la PVC la maji lenye upana wa ndani wa sentimita 5, kwenye lita 15, linatoa urefu wa sentimita 10.8. Ila hewa iliyo nje kidogo ya midomo miwili ya bomba nayo inatetemeka pamoja na ya ndani, kana kwamba bomba ni refu zaidi, kwa hiyo unatoa takriban 0.73 ya upana wake. Inabaki sentimita 7 na kidogo. Nilikata 10 kwanza, maana bomba hupunguzwa, haliongezwi. Likiwa 10, hesabu inatoa hezi 53. Nikapunguza kidogo kidogo huku nikisikiliza na kupima, hadi 7.

Kupima ni rahisi na kunapendeza kutazama. Ukilisha masafa ambayo bomba limepangiwa, karatasi ya spika inakaribia kusimama huku upepo ukitoka bombani kwa nguvu. Nilimwaga punje chache za mchele kwenye karatasi, spika ikiwa imelala chali. Zilirukaruka hezi 75, zikatulia karibu na 60, zikaanza tena 50. Bomba limefika.

Kuna waliouliza kama mwinuko wetu unabadilisha hesabu, kwa kuwa hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga. Kasi ya sauti inategemea joto, haitegemei mwinuko. Nyuzi 20 ni mita 343 kwa sekunde, nyuzi 30 ni 349. Tofauti hiyo ni chini ya asilimia mbili, na bomba haliisikii.

Kuta za ndani nilizivika sufi ya mto wa zamani, ikiwa imeshonewa kwenye kitambaa ili nyuzi zisivutwe bombani. Inameza mwangwi wa sauti za kati na maneno yanakuwa safi. Mdomo wa bomba nje una wavu, kwa ajili ya panya.

Julai: amplifaya na betri

Amplifaya sasa ni bodi ya mono yenye chipu ya TPA3118. Kwa volti 12 na spika ya omu 4 unapata karibu wati 15 safi. Wauzaji huandika wati 60 kwenye tangazo, na chipu inaweza, lakini kwa volti 24. Anayenunua asome volti kwanza ndipo asome wati.

Bomba lina dosari moja lazima ilindwe. Chini ya hezi 60, karatasi inakosa mto wa hewa na kuyumba bila kazi, na kwenye rekodi za simu kila herufi "p" iliyopulizwa karibu na maiki inaisukuma hivyo. Nilibadilisha kapasita ya kuingilia kwenye amplifaya kutoka mikrofaradi 1 kwenda 0.1. Bodi yangu ina ongezeko la desibeli 26, ambako upinzani wa kuingilia ni kiloomu 30, kwa hiyo sauti zinaanza kukatwa karibu na hezi 53. Kitu cha bei ya pipi, na mipuliko imekwisha.

Betri ni seli sita za 18650 kutoka betri za laptopu zilizotupwa, tatu mfululizo na mbili sambamba. Kila seli ilichajiwa hadi volti 4.2 na kuachwa kabatini wiki kadhaa. Iliyoshuka chini ya 4.1 haikuingia. Iliyopata joto wakati wa kuchaji haikuingia. Zilizobaki nilizimwaga umeme kupitia rezista nikipima muda, nikazipanga zinazofanana. Sikuchoma risasi juu ya seli yenyewe, kwa sababu joto linaiharibu kwa ndani. Niliacha vile vibati vya nikeli vilivyokuwepo na kuunganisha kwenye vibati. Juu yake kuna BMS, bodi ya kulinda betri, ya seli tatu yenye kusawazisha.

Naomba hili lisomwe kwa makini. Chaja yake ni ya volti 12.6, ya seli za lithiamu, inayodhibiti mkondo. Adapta ya king'amuzi ya volti 12 inaingia kwenye tundu lile lile na inaonekana inafaa. Haifai. Haikutengenezwa kudhibiti mkondo wa kuchaji, na betri za aina hii zikichajiwa vibaya zinawaka moto. Nimeandika "12.6 TU" kwa rangi nyekundu kando ya tundu, maana spika inakaa ukumbini na watu ni wengi.

Kwa sauti ya mazoezi mita inasoma kati ya ampea 0.3 na 0.4, na betri ina takriban ampea-saa 3.6. Mazoezi yanaisha, na ibada ya jioni inayofuata, bila kugusa umeme wa ukutani.

Julai: mlio wa mbu

Nilipounganisha Bluetooth na amplifaya kwenye betri moja, ukatokea mlio mwembamba, unaobadilika simu inapotafuta spika. Chanzo ni waya wa hasi. Bodi ya Bluetooth inavuta umeme kwa mikupuo, mikupuo inapita kwenye waya ule ule wa hasi ambao amplifaya inautumia kama sifuri ya sauti, na amplifaya inaikuza kwa uaminifu kama ingekuwa wimbo.

Nilianza kwa kurudisha kila waya wa hasi mpaka sehemu moja kwenye betri. Mlio ulipungua, haukuisha. Kilichouua ni kigae kidogo kiitwacho B0505S: kinapokea volti 5 na kutoa volti 5 zisizogusana na upande wa kwanza. Kabla yake kuna 7805 ya kushusha volti za betri. Sasa ukiweka sikio kwenye karatasi, kimya.

Bodi ya Bluetooth nimeiweka juu kabisa ya sanduku, mbali na sumaku na betri. Masafa yake ya gigahezi 2.4 yanapita kwenye plaiwudi bila tabu, lakini miili ya watu inayameza, kwa sababu sehemu yake kubwa ni maji. Simu ikiwa mfukoni mwa mtu aliyeko nyuma ya safu tatu za waimbaji, sauti inakatika. Simu inakaa mezani mbele, na hilo limeshakuwa utaratibu.

Agosti: ukumbini

Spika iliwekwa sakafuni kwenye kona ya nyuma, upande wa besi. Kuta mbili na sakafu zinarudisha sauti za chini na kuziongeza nguvu bila wati hata moja. Tulipiga rekodi ya sauti zote nne ya wimbo ambao tumekuwa nao tangu Pasaka. Walipofika mwisho wa ubeti, mzee mmoja wa besi akainua mkono tusimamishe.

"Kumbe pale tunashuka!"

Kweli wanashuka, kutoka re kwenda so ya chini. Miezi yote hiyo walikuwa wanabaki juu ya re, wakiongozwa na mtetemo wa juu wa sauti ambayo simu haikuweza kuitoa. Tulirudia pale mara kadhaa na chodi ikakaa. Alto wenyewe waligeuka kutazama nyuma.

Baada ya mazoezi Mwalimu akaniita. "Mwanangu, na kinanda nacho kiingie humu?" Nilimjibu, "Kitaingia, Mwalimu, ila kwa waya." Bluetooth inakusanya sauti, inaibana, inaituma kwa vifurushi na kuifungua upande wa pili, na kwa bodi za kawaida kazi hiyo inachukua kama sehemu ya tano ya sekunde. Kwa rekodi haidhuru. Kwa mpiga kinanda ni sawa na kumweka mita 70 kutoka kwenye spika yake. Nimeongeza tundu la jeki ya milimita 3.5 na swichi ya kuchagua.

Wasichana wa alto walitaka maneno yawe wazi zaidi, na wana haki. Twita ndogo ya omu 8 kupitia kapasita isiyo na upande ya mikrofaradi 4.7 inashika kuanzia hezi 4,200 hivi. Imekwisha.

Agosti mwishoni: swichi mbili

Nyongeza hii ni ya mwisho na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Spika ni moja, lakini Bluetooth inaleta njia mbili, kushoto na kulia. Huwezi kuzifunga pamoja hivi hivi, zitasukumana. Unapitisha kila moja kwenye rezista ya kiloomu 1 kabla hazijakutana. Nikiwa na chuma cha kuchomea mkononi nikaona kwamba kila njia inaweza kupewa swichi yake.

Sasa Mwalimu anatengeneza rekodi kwa programu ya Audacity kwenye laptopu ya usharika: sauti inayofundishwa anaisukuma yote kushoto, nyingine tatu anaziweka kulia. Ukumbini, swichi ya kushoto ikiwa peke yake besi wanasikia mstari wao mtupu. Zikiwashwa zote wanasikia unapokaa katikati ya wenzao. Ikizimwa ya kushoto, sauti tatu zinaendelea na besi wanajaza nafasi yao wenyewe, bila msaada, na hapo ndipo unajua kama wimbo umeshikwa.

Jambo moja kwa anayerekodi: simu isiwe karibu na mdomo. Weka hatua moja mbali, usawa wa kifua, kwenye chumba chenye nguo au mapazia. Rekodi ya karibu sana inajaa pumzi na mipuliko, na spika hii, tofauti na simu, inavitoa vyote.